Siku moja haimtoshi mkulima wa Nyarero

Najua nimepotea. Mara ya mwisho kuandika hapa nilikuwa nalalamikia maji ya hosteli, halafu nikayeyuka kama bumu la wiki ya pili. Sikufa, wala sijadisko. Nilikuwa PT, na baada ya PT nikawa na aibu. Leo nimeamua kuitoa hiyo aibu hadharani, na nina sababu mbili. Ya kwanza, wiki iliyopita kule Kijitonyama, kwenye mazungumzo ya sisi wa kompyuta, jamaa yetu mmoja alisimama akasema kwa kujiamini kabisa kwamba data ikishakuwa kwenye wingu haipotei, ukikosea unarudi nyuma tu. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Ya pili, mama yangu alikuwa hajui kwamba aliyefuta kilo zake za mahindi ni mwanawe, na nilishachoka kulibeba hilo peke yangu.

Kwa wageni: mimi ni mtu wa Nyarero, wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara. Ndiyo, Mkurya. Na hapana, sikuja chuo na panga, utani huo mmeshauchosha.

Hoja yangu ya leo ni moja. Muda ambao ghala la data linatunza historia ya jedwali usipangwe kwa kuangalia bei peke yake, wala usiachwe vile ulivyokuja na mfumo. Upangwe kwa kujibu swali hili: mwenye data atachukua siku ngapi kugundua kwamba mmemkosea? Basi, hiyo ndiyo hoja. Asiye na muda anaweza kuishia hapa akaenda kusoma kwa ajili ya UE. Wengine kaeni niwape kisa.

KISA CHENYEWE

PT yangu ilikuwa Mwanza, kwenye kampuni moja inayonunua mazao vijijini. Sitaitaja, maana kosa lilikuwa langu. Kazi yao inakwenda hivi: karani yuko kijijini na mizani na tableti. Mkulima analeta mahindi, yanapimwa, karani anaingiza kilo, mkulima anapewa stakabadhi ya karatasi, na nakala inabaki kwenye kitabu cha karani. Zile kilo zinapanda hadi kwenye ghala la data ambalo liko kwenye wingu, na kila baada ya wiki mbili malipo yanatoka kwa simu kwa kufuata kilo zilizoandikwa humo. Kwa kuwa mimi ni wa kule, nikapewa majedwali ya Tarime. Wenzangu walikuwa wanachanganya Nyarero na Nyarokoba, na Nyamwaga na Nyamongo, hadi inachekesha.

Jumatatu moja karani wa Nyarero akapiga simu. Kuna mkulima ameandikiwa kilo 460 badala ya 46, nirekebishe. Kazi ya dakika mbili. Nikaandika amri ya UPDATE: kilo ziwe 46, pale ambapo kata ni Nyarero. Nilitakiwa niongeze kipande kimoja tu, namba ya yule mkulima. Sikukiweka. Ilikuwa saa saba mchana, nina njaa, na kuna mama mmoja pale jirani anapika sangara wa nazi. Mashine ikanijibu imebadilisha mistari mingapi. Sikusoma. Nikafunga laptopu nikaenda kula.

Kuanzia dakika ile, kila mkulima wa Nyarero alikuwa ameuza kilo 46. Aliyeleta gunia nane, 46. Aliyeleta debe mbili, 46. Bibi, kijana, mjane, wote sawa. Nadhani hata Azimio la Arusha halikufika huko.

Jumanne kimya. Jumatano kimya. Alhamisi malipo yakatoka. Ijumaa asubuhi simu zikaanza. Waliozidishiwa hawakupiga, jamani, binadamu ni binadamu. Waliopunjwa ndio waliotembea hadi kwa karani, stakabadhi mkononi, na karani akanipigia: "Mura, huko Mwanza mmetufanyia nini?"

Niliposikia 46 inatajwa mara tatu kwa watu watatu tofauti, tumbo likakata. Lakini nikajipa moyo, maana darasani tulifundishwa: ghala la data la siku hizi linaweza kukuonyesha jedwali kama lilivyokuwa jana au juzi. Nikaandika amri ya kulisoma jedwali kama lilivyokuwa Jumatatu saa nne asubuhi. Mashine ikakataa. Muda ninaouomba uko nje ya kipindi kinachoruhusiwa. Nikaangalia kipindi chenyewe: siku 1. Nikamwuliza mkubwa wa idara nani aliweka siku 1. Akasema hakuna aliyeweka, ilikuja hivyohivyo.

Tukakumbuka kwamba kuna akiba ya dharura, ile ya mwisho kabisa ambayo unamwomba mwenye huduma akutolee. Hiyo nayo haikuwepo. Majedwali yetu yalikuwa yametengenezwa kwa ile aina nyepesi isiyo na akiba, ili kupunguza gharama. Siku nne tu, na Jumatatu ya Nyarero ikawa haipo tena duniani.

Kilichotuokoa ni karatasi. Nikapandishwa basi kwenda Tarime, nikakaa na karani siku mbili tukiingiza upya kilo kutoka kwenye kitabu chake cha nakala. Kurasa kadhaa zilikuwa zimenyeshewa, wino umetapakaa, kwa hiyo ikabidi tuwaombe wenyewe walete stakabadhi zao. Mama akaja na mkebe wa biskuti. Ndani yake kuna stakabadhi za msimu huu wote, na za msimu uliopita pia, zimekunjwa vizuri kwa mpangilio. Nikamwuliza kwa nini anatunza hata za mwaka jana. Akasema, "Mwanangu, hesabu ya watu huwa haijaisha mpaka msimu mwingine upite."

Mzee mmoja jirani yetu hakuwa na mkebe. Stakabadhi yake alishasokotea tumbaku. Ukurasa wake kwenye kitabu ulikuwa mmoja wa zile zilizolowa. Yeye alisema alipima kilo 312. Hatukuwa na kitu cha kumbishia, wala cha kumthibitishia. Kampuni ikamlipa kwa makadirio ya alichokuwa akileta siku za nyuma, pungufu ya alichosema. Akapokea. Akaniangalia, mimi niliyekuwa namchungia ndama nikiwa darasa la tatu, akasema, "Andikeni mnavyotaka, nyie ndio wenye mashine."

Hiyo sentensi ndiyo iliyoninyima usingizi, na ndiyo sababu ya makala haya.

INAVYOFANYA KAZI KWA KIFUPI

Kwa mdau asiye wa fani yetu: ghala la data ni sehemu ambapo taasisi inakusanya majedwali yake yote kwa ajili ya hesabu na ripoti. Siku hizi mengi yako kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mtu mwingine unazokodi. Ukibadilisha jedwali, mfumo hauchani ile karatasi ya zamani papo hapo. Unaandika mpya na kuiweka ya zamani pembeni kwa muda fulani. Ndani ya muda huo unaweza kuisoma, kuirudisha, hata kufufua jedwali zima ulilolifuta. Muda ukiisha, kwaheri.

Muda wenyewe unatofautiana. Kwenye Snowflake, ambao huduma hiyo wanaiita Time Travel, ukiacha kama ilivyo ni siku 1. Ukiwa na toleo la kawaida hapo ndipo mwisho wako, unaweza kuweka 0 au 1. Ukiwa na toleo la Enterprise kwenda juu unaweza kupandisha hadi siku 90 kwa majedwali ya kudumu. Baada ya hapo kuna akiba ya dharura ya siku 7 ambayo wewe huigusi, mpaka uwaombe wao, na hawakuahidi kwamba itapatikana haraka. Majedwali ya aina nyepesi hayana hiyo akiba, na historia yake haizidi siku 1. Kwenye BigQuery ya Google, ukiacha kama ilivyo ni siku 7, unaweza kushusha hadi 2, hupandishi zaidi ya 7, halafu na wao wana siku 7 nyingine za dharura.

Sasa angalieni hizo namba kwa macho ya Nyarero. Malipo yanatoka kila baada ya wiki mbili. Mkulima anajua amekosewa siku pesa inapoingia kwenye simu. Kosa likifanyika siku moja baada ya malipo, linaweza kukaa siku 13 bila mtu kulijua. Halafu mtu awe na chaji, awe na nauli au miguu ya kufika kwa karani, karani naye awe na mtandao. Weka wiki nyingine. Siku 1 haifiki. Siku 7 hazifiki. Hata 14 ni za kubahatisha. Kwa jedwali lile, chini ya siku 30 ni kumwambia mkulima kwamba sisi tumeshafunga mjadala kabla yeye hajajua kama kuna mjadala.

KOSA LA KELELE NA KOSA LA KIMYA

Najua mtakachosema: mafundi wakubwa duniani wanatumia siku 1 na wanaishi. Sawa, lakini tutofautishe makosa. Kuna kosa la kelele na kuna kosa la kimya.

Kosa la kelele ni kama lile la GitLab, tarehe 31 Januari 2017. Fundi wao, akihangaika usiku kurekebisha hitilafu, alifuta data kwenye seva ambayo siyo. Aligundua baada ya sekunde chache, lakini gigabaiti kama 300 zilikuwa zimeshakwenda. Wakaangalia nakala zao za akiba, wakakuta nyingi zilikuwa hazifanyi kazi bila wao kujua. Wakaokolewa na nakala moja iliyokuwa imechukuliwa kama saa sita kabla, na kazi ya hizo saa sita ikapotea. Wale jamaa niliwaheshimu sana kwa kusema yote hadharani. Lakini mnaona? Tovuti ilizima, dunia nzima ikajua. Kosa la kelele siku 1 inatosha kulishika.

Langu lilikuwa la kimya. Hakuna kilichozima. Jedwali lilikuwa na idadi ileile ya mistari, majina yaleyale, kilo zipo, ripoti zinatoka na zina rangi nzuri. Namba tu ndizo zilikuwa za uongo. Kosa la kimya haligunduliwi na mashine. Linagunduliwa na mtu anayeujua ukweli wake mwenyewe, na mtu huyo mara nyingi ndiye yuko mbali zaidi na kompyuta. Kwa hiyo ukipanga kipindi cha historia kwa kasi ya fundi, umepanga kwa kasi ya mtu asiye na cha kupoteza.

LAKINI GHARAMA JE?

Hoja ya gharama siipuuzi, maana hata mimi naishi kwa chipsi mayai. Historia inalipiwa kama data nyingine yoyote. Ukiwa na jedwali la gigabaiti 100 ambalo kila usiku linaandikwa upya lote, na umeweka siku 90, utakuwa unabeba gigabaiti 9,000 za historia, na 700 nyingine za akiba ya dharura, kwa ajili ya jedwali la 100. Hapo mhasibu ana haki ya kukufukuza.

Ila sasa jedwali letu la kilo za Tarime halikufika hata gigabaiti 1. Tuseme lingekuwa 1 kamili, na tuseme ni baya kiasi kwamba kila siku linaandikwa upya lote, siku 90 na zile 7 ni gigabaiti 97. Hiyo haijazi simu ya 128 mliyoshika hapo mkononi. Kweli, toleo linaloruhusu siku 90 lina bei yake, lakini huyo ni mnyama mwingine, na kampuni inayolipa mamia ya wakulima isione shida kuulizia bei. Waliotaka kubana matumizi walikuwa sahihi kubana, walikosea kubana kila kitu kwa kipimo kimoja. Majedwali yanayofutwa na kujazwa upya kila usiku kutoka chanzo kingine, yape siku 0 au 1, hayana kilio. Jedwali la pesa na kilo za watu lipe siku zake. Mfumo unaruhusu kuweka kipindi kwa akaunti nzima, kwa hifadhidata, hata kwa jedwali mojamoja. Hakuna anayekulazimisha kuwavisha wote shati moja.

Na kwa wanaotaka kufanya hivyo, kuna mitego miwili ya Snowflake nimeijifunza kwa kusoma baada ya kuumia. Mmoja: ukiweka jedwali siku 90 lakini hifadhidata iliyolibeba ina siku 1, siku mtu akifuta hifadhidata nzima ni ile siku 1 inayofuatwa, siyo 90 zako. Wa pili: ukipandisha kipindi leo, hakifufui kilichokwisha kutoka jana. Kupanga kipindi baada ya ajali ni sawa na kununua kufuli ng'ombe wakiwa wameshavuka mpaka. Sisi wa Tarime tunalielewa hilo vizuri.

UPANDE WA PILI

Sasa kuna mdau atasema, basi tuweke 90 kila mahali, tumalize. Hapana. Hapa ndipo nilipobadilisha mawazo yangu mwenyewe.

Kumbukeni ya jirani zetu Kenya. Mwaka 2023 watu walipanga foleni Nairobi, hadi pale KICC, wapigwe picha ya mboni ya jicho na Worldcoin kwa malipo ya sarafu za kidijitali. Agosti 2023 serikali ikasimamisha zoezi. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikaamuru data hizo za kibayometriki zifutwe ndani ya siku 7, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Achaneni na kampuni, jiwekeni nyinyi kwenye kiti cha fundi yeyote anayepokea amri kama hiyo. Unaandika DELETE, jedwali linakuwa tupu, unapiga picha ya skrini, unapeleka mahakamani. Lakini kama jedwali ni la kudumu na lina kipindi cha siku 90, yale macho ya watu bado yapo. Ukiandika amri moja yanarudi yote. Zikiisha 90, kuna 7 za dharura. Siku 97 baada ya kusema umefuta, bado hujafuta. Hata ukishusha kipindi kuwa 0 siku hiyohiyo, jedwali la kudumu linaingia kwenye zile siku 7 ambazo huna mamlaka nazo. Amri ilisema siku 7, na wewe umeshachelewa kabla ya kuanza. Data ya namna hiyo ilitakiwa tangu siku ya kwanza ikae kwenye ile aina nyepesi isiyo na akiba. Aina ileile iliyotuumiza sisi kwenye mahindi ndiyo sahihi kwenye mboni za macho.

Na kwetu hili siyo la Kenya peke yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Msingi wake mmoja ni kwamba taarifa za mtu zisitunzwe zaidi ya muda unaohitajika kwa lengo lililozikusanya. Kwa hiyo hata swali la "siku ngapi" lina majibu mawili yanayovutana: mkulima anataka mkumbuke hadi atakapogundua kosa, na mtu aliyepigwa picha ya jicho anataka msahau siku atakayosema sahauni. Fundi anayeacha namba iliyokuja na mfumo hajachagua upande wowote. Ameacha bahati ichague.

NA HIZO 90 ZENYEWE NI ZA NINI?

Tuje nyumbani, hapa Mlimani. Chukulieni koswaki. Tuseme mwalimu yeyote wa chuo chochote anaingiza alama za testi wiki ya 5 ya semesta yenye wiki 17, halafu mtu anakosea kama mimi, alama zinabadilika kimya. Mwanafunzi anakuja kuona matokeo baada ya mitihani kusahihishwa. Hesabuni wenyewe: wiki 12 hadi semesta iishe ni siku 84, ongeza wiki za kusahihisha, umeshavuka 90. Anakwenda kulalamika, historia ilishafutika, na yeye ana sapu ambayo siyo yake.

Hapo kupandisha namba hakusaidii, maana 90 ndiyo paa. Historia ya ghala la data ni ya kurudisha mkono ulioteleza, haikutengenezwa kuamua kesi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka nyaraka zitunzwe angalau miaka 5, hakuna Time Travel ya miaka 5. Kwa mambo ambayo watu watadaiana baada ya msimu, njia ni ya kale kuliko kompyuta: usifute, ongeza mstari. Angalieni kitabu cha karani. Akikosea hachani ukurasa. Anapiga mstari juu ya namba, anaandika mpya pembeni, anaweka sahihi na tarehe. Ya zamani bado inasomeka. Jedwali la kilo lingetengenezwa hivyo, lile kosa langu lingekuwa mistari mipya ya kijinga juu ya mistari ya kweli, na mzee yule angelipwa chake bila kumwomba mtu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mnaokwenda PT mwaka huu ni huu. Siku ya kwanza, kabla hujaandika amri yoyote ya kubadilisha, uliza kipindi cha historia cha jedwali ulilopewa ni siku ngapi na nani alikiweka. Ukiambiwa "ilikuja hivyo", anza kuogopa. Halafu uliza mwenye data anachukua muda gani kugundua kosa, na usimwulize meneja, mwulize karani. Muda huo ukiingia ndani ya 90, weka huo na wiki moja juu. Ukizidi 90, zungumzia kuongeza mistari badala ya kufuta. Na data ambayo mtu anaweza kudai ifutwe, ijulikane mapema mkia wake ni wa siku ngapi, mkia wote pamoja na zile za dharura. Na la mwisho, soma ile idadi ya mistari iliyobadilishwa kabla ya kwenda kula sangara.

Juzi usiku nilimpigia mama nikamwambia ukweli wote. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nilijua, karani aliniambia siku ileile. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe." Halafu akaniuliza kama nimeshamwambia yule mzee. Sijamwambia. Likizo hii naenda Nyarero, na nimeweka kando kitu kidogo kutoka kwenye bumu, kilo zake zilizobaki nitazijua kwa neno lake, 312, maana hakuna kumbukumbu nyingine iliyobaki.

Nisiwachoshe. Mwenye hoja tofauti tukutane kijiweni, hasa wewe uliyepigiwa makofi. Nawasilisha.